Macho Ndani ya Mwamba

Kusini kidogo mwa jiji la Buffalo, katika mji wa Hamburg, Jimbo la New York, kuna uwanja mpana wa mawe ya kijivu ambao mpita njia hawezi kuugeukia mara mbili. Hapo zamani palikuwa machimbo ya kampuni ya saruji ya Penn-Dixie. Kampuni ilikwangua udongo wa juu, ikachukua mwamba iliouhitaji, kisha ikaondoka na kuacha sakafu kubwa ya tope la kale lililogandamana likawa jiwe. Eneo kama hilo, karibu na mji, mara nyingi huishia kuwa jalala au kujengwa maghala. Watu wa Hamburg waliona mbali zaidi. Mwaka 1993 walianzisha chama cha historia ya asili, wakalipigania eneo, na leo hekta zipatazo 22 ni hifadhi ya visukuku ya Penn Dixie, iliyo wazi kwa umma. Unalipa kiingilio, unaingia na nyundo yako, na chochote unachokipata unaondoka nacho.

Kuna sehemu nyingi duniani ambako mtu anaweza kumtafuta trilobiti: Wales, Ucheki, kingo za mito karibu na Saint Petersburg, jangwa la Utah, milima ya Moroko. Sura hii nimeiweka Penn Dixie kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu asiye na elimu yoyote ya miamba, hata mtoto wa miaka saba, ana nafasi nzuri ya kurudi nyumbani na trilobiti wake mwenyewe. Ya pili ni kwamba spishi anayoipata hapo ndiyo iliyowafanya wanasayansi wafikiri upya jinsi viumbe vinavyobadilika. Na Buffalo yenyewe ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zilizotoka Kongo na Burundi. Kwao safari ya Hamburg ni mwendo mfupi tu wa gari.

Trilobiti alikuwa mnyama wa baharini mwenye miguu ya viungo, wa ukoo mpana unaojumuisha kaa, kamba, nge na buibui. Wa kwanza wanaonekana katika miamba yenye umri wa karibu miaka milioni 521. Wa mwisho walitoweka miaka milioni 252 iliyopita, mwishoni mwa Kipindi cha Permi, katika maangamizi makubwa kuliko yote ambayo viumbe vya dunia vimewahi kuyapata. Kati ya tarehe hizo mbili waliishi kwa namna nyingi mno. Spishi zaidi ya 20,000 zimekwisha kuelezwa. Wengine walikuwa wadogo kuliko punje ya mchele, wengine walipita nusu mita. Wengine walitambaa kwenye tope, wengine waliogelea katikati ya maji. Wapo waliokuwa vipofu kabisa.

Wote, hata hivyo, walijengwa kwa ramani moja, na ramani hiyo ndiyo mkusanyaji anayoibeba kichwani anapoinama. Mgongo umegawanyika kwa urefu katika sehemu tatu: tuta la katikati na bawa moja kila upande. Kutoka mbele kwenda nyuma kuna kichwa kilicho kipande kimoja kigumu, kiwiliwili chenye pingili zinazokunjika, na mkia ambao pingili zake zimeungana. Jiwe lolote lenye mistari ya mlalo inayokatizwa na mifereji miwili ya wima linastahili kuangaliwa tena.

Anayeanza hobi hii hufika akiwa na picha ya mnyama mzima aliyelala kifudifudi, kamili kila upande, kisha hushangaa kuona saa nzima imepita akiokota vipande vitupu: shavu hapa, mkia pale, pingili tatu zisizo na kichwa. Sababu ni gamba. Gamba la trilobiti lilikuwa la kalsaiti, madini yaleyale yanayofanya mawe ya chokaa, na halikuweza kutanuka. Kila alipokua alilazimika kujivua na kuota jingine. Kwa hiyo mnyama mmoja aliacha magamba mengi maishani mwake, na kisukuku cha kwake mwenyewe, akifa, kikawa kimoja tu. Sehemu kubwa ya tunachokiokota ni nguo walizozivua. Jambo hilo halipaswi kumvunja mtu moyo, kwa sababu namna gamba lilivyovuliwa nayo ni habari. Katika ukoo wa Phacopida, ambao ndio unaotawala Penn Dixie, kichwa kilikuwa kikibanduka chote kwa pamoja. Ukikuta kiwiliwili kimetulia na mbele yake kichwa kimepinduka juu chini, unatazama tukio lililochukua muda mfupi sana: mnyama alisukuma kichwa chake cha zamani mbele, akajichomoa, akaenda zake, na tope likafunika nguo zilivyoachwa.

Tope hilo lilitoka mashariki, kwenye milima iliyokuwa ikiinuka na kumomonyoka. New York ya wakati huo, katika Kipindi cha Devoni, karibu miaka milioni 380 iliyopita, ilikuwa chini ya bahari ya kina kifupi, na bara lenyewe lilikuwa kusini mwa ikweta, katika maji ya joto. Sakafu ya bahari ilijaa wanyama: matumbawe yenye umbo la pembe, wanyama wenye magamba mawili waliojishikiza chini, maua-bahari yaliyosimama kwenye mabua ya pingili. Hao wote utawaokota Penn Dixie kwa ndoo. Trilobiti ni wachache zaidi, na hawakutawanyika sawasawa. Wamejaa katika matabaka fulani membamba, na tabaka la sentimita chache juu yake laweza kuwa tupu kabisa. Mkusanyaji mzoefu haanzi kupiga nyundo. Anauliza wenyeji, anatazama ukuta wa shimo, anatafuta bendi ngumu yenye chokaa zaidi, kisha anaifuata hiyo kwa upande badala ya kuchimba kwenda chini. Kila majira ya kuchipua hifadhi huleta mashine ya kuchimba ifungue mwamba mpya, maana mwamba ulioonja baridi na mvua za miaka kadhaa husagika ukawa matope tena, na visukuku vyake husagika pamoja nao.

Zana ni chache. Nyundo ya wanajiolojia, ambayo chuma chake hakirushi vipande kama nyundo ya seremala inapogongana na chuma kingine. Tindo mbili, moja pana na moja nyembamba. Mtaimbo mfupi wa kubenulia mabamba. Miwani ya kinga, na hii haina mjadala: nimeona mtu akiivua kwa sababu ya jasho, na kipande kilichoruka kilimkata nyusi, chini kidogo tu kingeingia jichoni. Gundi ya papo kwa papo, tishu, mifuko midogo, kalamu isiyofutika kwa maji. Na lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi, ifungwe shingoni kwa kamba, kwa kuwa lenzi iliyo ndani ya begi haitumiki.

Bamba likishabenuliwa, kabla ya kulipasua liangalie ukingoni, pale lilipokatika. Mwamba ni wa kijivu kilichofifia, na gamba la trilobiti wa hapa ni jeusi au kahawia iliyoiva, lina mng'ao. Ukiona kwenye ukingo mstari mweusi mwembamba uliopinda kama upinde, simama. Weka nyundo chini. Huo ni mgongo wa mnyama uliokatwa kwa upande, na sehemu iliyobaki ya mwili wake imo ndani ya jiwe, haijaguswa. Limwagie maji kidogo, rangi itajitokeza zaidi. Wanaoanza hufanya haraka hapa. Wanataka kumwona sasa hivi, wanapiga tindo juu ya mstari, na mnyama aliyevumilia miaka milioni 380 anavunjika mbele yao. Njia iliyo sahihi ni kupunguza bamba kwa mbali, pande zote, hadi libaki donge linaloingia mfukoni, kisha kwenda nalo nyumbani. Kama limekwisha kupasuka, okota pande zote mbili, hata ule unaoonyesha alama tu. Gamba mara nyingi hugawanyika, nusu likabaki upande huu na nusu upande ule.

Baadhi ya waliopatikana kamili wamejikunja. Trilobiti aliyeshtuka alijiviringisha kama jongoo, mkia ukagota chini ya kidevu na tumbo lote laini likafichika ndani ya gamba. Pale Penn Dixie utaweza kumwokota mmoja wa namna hiyo juu ya ardhi baada ya mvua kubwa, ameshajitenga na mwamba wake, donge dogo linaloenea kwenye kiganja. Mara nyingine wanapatikana kwa makundi, wa ukubwa unaolingana, wamerundikana mahali pamoja. Mwaka 1985 watafiti Stephen Speyer na Carlton Brett walichunguza makundi hayo katika miamba ya New York na kueleza kwamba wanyama hao walikusanyika kwa makusudi, ili kujivua magamba na kujamiiana, jinsi wanavyofanya baadhi ya kaa wa leo. Ndipo wimbi la tope lilipowajia ghafla.

Spishi inayopatikana zaidi hapo ni Eldredgeops rana. Mgeuze ili akutazame, weka lenzi. Kichwa kina uvimbe mkubwa katikati, umejaa vipele, na kila upande limesimama jicho lenye umbo la mnara mfupi uliopinda. Lenzi za jicho hazikusongamana kama za nzi. Kila moja iko peke yake, ya mviringo, imetenganishwa na jirani yake kwa ukuta mwembamba wa gamba, nazo zimepangwa katika safu za wima ambazo unaweza kuzihesabu ukitulia. Lenzi hizo zilikuwa za kalsaiti, yaani mnyama huyu alitazama dunia kupitia madini. Mwaka 1975 Euan Clarkson wa Scotland na Riccardo Levi-Setti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba katika ukoo wa Phacopida lenzi moja ilikuwa na sehemu mbili zilizokutana kwa mkunjo maalumu, na mkunjo huo ulirekebisha ukungu wa picha. Umbo lake lilifanana na michoro ya lenzi ambayo Descartes na Huygens waliichora katika karne ya 17. Levi-Setti alikuwa mwanafizikia wa chembe ndogo kabisa za maada. Trilobiti aliwakusanya na kuwapiga picha kwa mapenzi yake tu, na ni fizikia yake ya mwanga iliyomwezesha kuona jambo hilo.

Zile safu za wima, nazo, ndizo zilizoipa spishi hii nafasi yake katika sayansi. Katika miaka ya 1960 kijana mmoja mwanafunzi wa New York, Niles Eldredge, alizunguka Marekani ya mashariki na ya kati akikusanya trilobiti hawa kutoka tabaka hadi tabaka. Alitarajia kuona wakibadilika polepole, kama vitabu vilivyofundisha tangu Darwin. Akapima kila kitu. Kwa mamilioni ya miaka hakuona mabadiliko ya maana, hata alihofia kwamba utafiti wake wote umekuwa bure. Hatimaye aligundua kwamba tofauti ilikuwa machoni, katika idadi ya safu za lenzi: 18 katika miamba ya zamani zaidi, 17 katika iliyofuata, na baadaye 15. Mabadiliko hayakutambaa kidogo kidogo. Katika bahari ya bara wenye safu 18 walidumu muda mrefu bila kubadilika, kisha wenye 17 wakatokea mara moja kuchukua nafasi yao, na dalili za mpito zilionekana mahali padogo tu upande wa mashariki. Mwaka 1972 Eldredge na mwenzake Stephen Jay Gould walichapisha makala iliyosema kwamba spishi hukaa kwa utulivu muda mrefu, na mabadiliko hutokea kwa kasi katika kundi dogo lililojitenga. Mabishano yaliyofuata yaliendelea kwa miongo. Trilobiti huyu sasa anabeba jina la Eldredge.

Fikiria hoja hiyo ilisimama juu ya nini. Safu 17 au 18 za lenzi hazina maana yoyote mpaka ujue jiwe limetoka wapi na katika tabaka gani, juu ya lipi na chini ya lipi. Trilobiti mwenye macho kamili, asiye na kumbukumbu hiyo, ni pambo la mezani. Mwenzake aliyevunjika nusu, ambaye mahali pake panajulikana, ni ushahidi. Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha hobi nzima, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Watu hutumia fedha kununua nyundo nzuri, hutumia siku nzima wakiwa wamepiga magoti, kisha humtia trilobiti kwenye kopo pamoja na wengine na kuamini kwamba watakumbuka. Hawakumbuki. Baada ya miaka michache kopo lina mawe mazuri yasiyojulikana yalikotoka, na mkusanyaji akifariki familia haina njia ya kujua kama ni ya kutunza au ya kutupa.

Lebo inaandikwa palepale, kabla ya kuinuka. Hivi:

Eldredgeops rana, amejikunja. Penn Dixie, Hamburg, New York. Mwamba wa Windom, Devoni ya kati. Sentimita 40 chini ya bendi ngumu, ukuta wa kaskazini. Tarehe. Jina la aliyeokota.

Kisha namba. Namba hiyo hiyo iandikwe kwa wino juu ya jiwe lenyewe, upande usio na kisukuku, juu ya doa dogo la rangi nyeupe, na irudiwe kwenye daftari. Karatasi hupotea, panya hula, mafuriko hufuta. Namba iliyo kwenye jiwe hubaki. Kama uliokota kwenye kifusi, andika kwamba uliokota kwenye kifusi. Kumbukumbu ya kweli yenye upungufu ni bora kuliko tabaka la kubuni.

Jimbo la New York limejaa mifano ya watu wa kawaida ambao macho yao na umakini wao vilitangulia vyuo vikuu. Charles Doolittle Walcott alikuwa kijana ambaye hakuwahi kupata shahada ya masomo ya chuo. Katika miaka ya 1870, katika shamba la William Rust karibu na Trenton Falls, yeye na Rust walichimba tabaka jembamba la chokaa la Kipindi cha Ordovisi lililojaa trilobiti kamili. Swali kubwa la wakati huo lilikuwa kama trilobiti alikuwa na miguu, kwa kuwa gamba la mgongo lilihifadhika na sehemu laini za chini zilipotea. Walcott aliona kwamba wanyama wengi kwenye tabaka lake walikuwa wamelala chali. Akawakata kwa msumeno vipande vyembamba, akavisaga hadi mwanga ukapita, na ndani ya chokaa akaiona miguu. Mkusanyo wake aliuuza Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1873. Baadaye aliongoza idara ya upimaji wa jiolojia ya Marekani, kisha Taasisi ya Smithsonian, na mwaka 1909 akagundua visukuku vya Burgess huko Kanada.

William Valiant naye alitafuta kwa miaka karibu na mji wa Rome, katika jimbo hilohilo, hadi mwaka 1892 alipompata trilobiti mdogo aitwaye Triarthrus akiwa na papasi zake mbili ndefu zimetokeza mbele ya kichwa. Sehemu laini za mwili zilikuwa zimegeuka pairiti, madini ya dhahabu bandia. Charles Emerson Beecher wa Chuo Kikuu cha Yale alifika, akachimba tabaka hilo lisilozidi unene wa vidole vichache hadi akaamini limekwisha, na akasafisha miguu, matamvua na papasi kwa undani ambao hakuna aliyewahi kuuona. Alifariki mwaka 1904 kazi ikiwa haijaisha. Shimo likajaa vichaka, na kadiri miaka ilivyopita hakuna aliyejua tena ni wapi hasa. Walioligundua upya, mwaka 1984, walikuwa wakusanyaji wawili wa hobi waliosoma maandishi ya zamani na kulitafuta kwa miguu. Lilikuwa bado limejaa.

Kwa asiyeweza kwenda kuchimba liko soko, nalo kwa sehemu kubwa linalishwa na Moroko. Katika vilima vya karibu na Alnif na Erfoud wachimbaji hufuata matabaka ya Devoni kwa mitaro ya mkono, jua kali, na mafundi wa vijijini huwatoa trilobiti kutoka kwenye chokaa ngumu, wakiwemo wenye miiba mirefu inayosimama hewani na Walliserops mwenye uma wa meno matatu puani. Mafundi wazuri wa huko ni wa kiwango cha juu duniani na wanastahili kulipwa kwa kadiri hiyo. Soko hilohilo, hata hivyo, limejaa bandia: trilobiti waliomiminwa kwa plastiki ya maji, au kichwa halisi kilichounganishwa na mwili wa kufinyanga. Tumia lenzi. Vitundu vidogo vya duara ni mapovu ya hewa, na mwamba hauna mapovu. Macho yasiyo na lenzi katika spishi inayopaswa kuwa nazo ni dalili mbaya. Ufa halisi hukatiza jiwe na mnyama kwa pamoja; kama jiwe halina alama ya kuungwa mahali popote, uliza lilipasuliwaje. Na ukiona wawili wenye nyufa zinazofanana kabisa, wametoka kwenye kalibu moja. Moroko hiyohiyo, mwaka 2024, ilitoa trilobiti wa Kipindi cha Kambria waliofunikwa na majivu ya volkano ndani ya maji, wakahifadhika kwa umbo lao lote hadi mdomo na miguu. Ni huzuni kwamba nchi yenye hazina kama hiyo inajulikana kwa wanunuzi wengi kwa ajili ya visukuku vya bandia.

Kuhusu ruhusa, kila mahali pana sheria yake na mkusanyaji mwaminifu huiuliza kabla ya kwenda. Penn Dixie unachukua unachopata. Katika ardhi ya umma inayosimamiwa na serikali kuu ya Marekani, kama sehemu kubwa za Utah, sheria ya mwaka 2009 inaruhusu kuchukua visukuku vya kawaida vya wanyama wasio na uti wa mgongo kwa kiasi, kwa matumizi binafsi, bila kuuza. Katika hifadhi za taifa huruhusiwi hata kimoja. Huko Dudley, Uingereza, kwenye kilima cha Wren's Nest, unaweza kuokota kilichoanguka lakini huruhusiwi kupiga nyundo. Msomaji wa Dodoma au Kisumu hatampata trilobiti nyumbani: miamba yetu mingi ya bara ni mikongwe kuliko wao, na miamba ya mwambao yenye visukuku vya baharini iliundwa walipokwisha kutoweka. Na kwa visukuku tulivyo navyo, sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 na ile ya urithi ya Kenya ya mwaka 2006 zinavilinda. Ukikutana na kimoja, kiache kilipo, piga picha, toa taarifa kwa makumbusho ya taifa.

Nyumbani, kazi ya kusafisha ni ndefu kuliko ya kutafuta. Mwamba laini wa Penn Dixie huondoka kwa sindano ngumu, mswaki na maji, chini ya taa inayoangaza kutoka upande ili kivuli kikuonyeshe gamba linaanzia wapi. Wanaoendelea hununua mashine ndogo inayopuliza unga laini wa madini kwa hewa, inayokula tope na kuliacha gamba. Vaa barakoa, vumbi la mawe huharibu mapafu. Usitumie siki wala asidi yoyote kwa kudhani utaokoa muda: kinachoyeyusha chokaa kitayeyusha na trilobiti, maana wote ni kalsaiti. Kwanza macho, ukiwa bado na nguvu mikononi mwako; mgongo unaweza kusubiri hadi jioni nyingine.

Kabla hujamgandisha mnyama wako kwenye ubao, mgeuze. Mwaka 2017 Thomas Hegna na wenzake walichapisha habari za Triarthrus kutoka kaskazini mwa New York waliokuwa na vijidonge vidogo vya mviringo vya pairiti, kila kimoja pungufu ya robo milimita, vimekusanyika chini ya kichwa karibu na kona zake za nyuma. Walivieleza kuwa ni mayai. Kwa zaidi ya miaka mia watu walikuwa wakiwachimba, wakiwasafisha na kuwapanga kwenye droo trilobiti wa spishi hiyo, wengi wao mgongo ukiwa juu. Namna walivyozaliana ilikuwa imekaa upande wa pili wa jiwe.